Palermo: Mlo wa barabarani kwa mfuko wa familia

Mji wa Palermo, katika kisiwa cha Sisilia kusini mwa Italia, si mgeni katika historia ya Uislamu. Waislamu waliuteka mwaka 831, na uliendelea kuwa mikononi mwao hadi mwaka 1072 Wanormani walipouchukua. Ibn Hawqal, mwanajiografia aliyeuzuru katika karne ya 10, aliandika kuwa ulikuwa na misikiti mamia kadhaa. Leo athari ya zama hizo huonekana zaidi jikoni. Lakini asili ya chakula ni jambo moja, na kilichomo ndani yake ni jambo jingine.

Tulifika huko pamoja na watoto, na bei za mikahawa zikatusukuma hadi soko la Ballarò, ambako watu hula wakiwa wamesimama. Hapo tulikuta panelle. Unga wa dengu, ule ule tunaopikia bajia, husongwa kwa maji na chumvi hadi uwe mzito, ukatandazwa, ukapoa, ukakatwa vipande vyembamba na kukaangwa. Vipande hivyo hutiwa ndani ya mkate wenye ufuta, vikakamuliwa limau. Kwa euro 3 hivi mtu mzima hushiba.

Kabla ya kulipa tuliuliza neno moja: "Strutto?" Hayo ndiyo mafuta ya nguruwe. Mchuuzi alitikisa kichwa, akatuonyesha dumu la mafuta ya mbegu. Tukauliza tena ni nini kingine kinachokaangwa katika karai lile. Akajibu kuwa ni viazi vilivyopondwa tu, viitwavyo crocchè. Hapo watoto wakapewa ruhusa.

Si kila karai lina jibu hilo. Arancina, donge la wali lililokaangwa, huvutia macho, lakini ile iitwayo "al burro", yaani ya siagi, kwa kawaida hutiwa nyama ya nguruwe, na ile ya nyama ya kusaga mara nyingi huchanganywa nayo. Mkate wa wengu, fahari ya wenyeji, hupikwa kwa strutto. Cannolo, kitamu chenye jibini laini, ndicho kinachowapita wengi bila kujua: ganda lake la asili huandaliwa kwa mafuta hayo hayo pamoja na mvinyo wa Marsala.

Kuna pia sfincione, mkate mnene wenye nyanya, vitunguu, dagaa wa chumvi na jibini, unaouzwa juu ya vigari vya magurudumu matatu vinavyofanana na bajaji zetu. Hapa pia msafiri aulize kuhusu strutto, na anayechunguza asili ya jibini aulize zaidi.

Kwa hiyo familia inayosafiri ikariri maneno matatu: maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta yake, na vino ni mvinyo. Kuuliza si ujinga, wala hatukuona mchuuzi aliyekasirika kwa kuulizwa. Na pale jibu lilipokuwa la mashaka, tuliwanunulia watoto granita ya limau, ambayo ni maji, sukari na limau vilivyogandishwa, tukaendelea na safari.