Chai Baridi ya Nanaa kwa Wanao

Tanga,
Januari

Mwanangu mpendwa,

Wasiwasi wetu ni nyinyi huko Dar es Salaam na joto hili la kaskazi. Uliponiambia kwenye simu kwamba wajukuu zangu siku hizi kiu yao ni soda tu, niliona maneno ya simu hayatoshi. Nakuandikia barua hii uiweke jikoni.

Chupa ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, ikiwezekana, hata mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Kwa hiyo mtoto akimaliza chupa moja, ameshapita kiwango cha mkubwa. Usimgombeze. Mpe kinywaji kingine cha baridi chenye harufu ya kumvutia, yaani chai ya nanaa, nacho utakipata kwenye ndoo moja hapo kwenye kona ya roshani yako.

Anza na mmea. Mbegu usihangaike nazo. Chukua nanaa mbichi sokoni, uchague vijiti vilivyo imara. Kata kila kimoja chini kidogo ya kifundo, pukutisha majani ya chini, kisha vitie kwenye glasi ya maji dirishani. Ukibadilisha maji mara kwa mara, baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi. Hapo vihamishie kwenye ndoo iliyotobolewa chini, yenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nanaa hupenda unyevu, lakini maji yakituama mizizi huoza. Jua la asubuhi linaitosha. La mchana ikinge nalo. Tena ipe ndoo yake peke yake, maana mashina yake hutambaa chini ya udongo, na ukiichanganya na giligilani itaimeza yote.

Kukata usiogope. Ukikata juu ya kifundo, pale pale huchipua matawi mawili, kwa hiyo nanaa inayochumwa ndiyo inayostawi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, na usingoje itoe maua, kwa kuwa majani hupungua ladha. Hii nanaa yetu ya kawaida ni pole na ina utamu wake. Ile kali, inayotiwa kwenye dawa ya meno, ina mentholi nyingi, na mentholi huamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi baridi; ndiyo maana mdomo huona ubaridi hata maji yakiwa ya moto. Ukiipata, itumie kidogo.

Sasa chai yenyewe. Ya watoto usiitie majani ya chai, kwa sababu yana kafeini. Chemsha lita moja ya maji, epua, kisha tia viganja viwili vya nanaa uliyoiosha na kuifikicha kidogo. Funika mara moja, kwani ile harufu ni mafuta mepesi na ukiacha wazi yote huondoka na mvuke. Baada ya dakika kumi chuja. Kama lazima utie sukari, tia kijiko kimoja au viwili kwa jagi zima wakati chai bado ya moto, maana ikishapoa haiyeyuki vizuri. Kila wiki punguza kidogo. Ulimi wa mtoto huzoea upesi.

Ya wakubwa ongeza vijiko viwili vidogo vya majani ya chai, uyaache dakika nne tu, kisha uyachuje. Yakikaa sana chai huwa chungu. Iache ipoe kwanza mezani ikiwa imefunikwa, ndipo uitie kwenye friji. Ikipozwa kwa ghafla huwa na ukungu, kwa kuwa tanini na kafeini hushikana kwenye baridi. Haina madhara, ila haipendezi mbele ya wageni. Ukitaka ndimu, ikamue wakati wa kuandaa mezani.

Neno langu kubwa ni hili: barafu. Watu huchemsha chai kwa uangalifu, kisha wakaitia barafu ya maji ya bomba yasiyochemshwa. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Maji ya kugandisha yachemshe pia, uyapoze kwenye chombo safi chenye mfuniko. Na chai isikae kwenye friji zaidi ya siku mbili. Ukisikia wenzako wanaloweka majani juani siku nzima, wewe usifanye hivyo. Maji ya vuguvugu ndiyo yanayokuza vijidudu.

Mwenye kiungulia mpe kidogo tu, kwani nanaa hulegeza mlango wa juu wa tumbo na inaweza kumzidishia.

Mwanangu, nanaa mbichi sokoni ni bei ndogo, na ndoo kuukuu najua unayo. Panda wiki hii, na kazi ya kumwagilia wape watoto wenyewe. Mtoto hupenda kunywa alichokikuza kwa mkono wake.

Wasalaam,
Shangazi yako akupendaye