Posa Kutoka Makambako



Sisi watu wa Pwani, tukikaa barazani baada ya sala ya Isha, aghalabu mazungumzo yetu hufika mahali pamoja: Mwislamu ana nafasi gani katika nchi hii yenye dini nyingi na makabila zaidi ya 120? Mmoja husema tulipunjwa elimu tangu zama za wakoloni, maana shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Mwingine huuliza kwa nini baada ya sensa ya mwaka 1967 raia hawakuulizwa tena dini zao. Mambo haya yana uzito wake, wala sikusudii kuyapuuza. Lakini leo nitakusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo si la kujivunia. Nalisimulia kwa kuwa huenda na wewe umekwisha kulifanya, au u karibu kulifanya.

Mimi ni mtu wa Pangani. Mwaka 1983 nilihamishiwa Makambako, nikawa karani katika stesheni ya reli. Kwa asiyepajua, Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma huachana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo. Siku zile mji huo ulikuwa katika Mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya baridi na upepo. Mwezi wa Juni na Julai maji ya kutawadhia alfajiri hukufanya usivihisi vidole vyako.

Wenyeji wa huko ni Wabena, na wengi wao ni Wakristo, kwani wamisheni wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia nchi ile tangu mwisho wa karne ya 19. Waislamu tulikuwa wachache: madereva, wafanyabiashara, Wayao waliotoka Tunduru, sisi wafanyakazi wa reli, na Wabena wa kuhesabika. Ramadhani ikifika, sokoni watu wanakula kama kawaida. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijua maana ya kuwa mmoja kati ya wengi wasiokuwa wewe.

Mwezi wa Julai mwaka 1985 mtoto wangu wa miaka mitatu alishikwa na kichomi. Siku ya nne akarejea kwa Mola wake.

Ndugu msomaji, hebu fikiri. Ndugu zangu wote wako Pangani, safari ya siku mbili. Mke wangu analia ndani. Nje ni giza na umande mkali. Kabla jua halijachomoza nilisikia mtu anabisha hodi, na sauti ikisema, "Kamwene." Alikuwa jirani yangu, Mbena, mzee wa kanisa la Kilutheri, amekuja na majembe na vijana wake wanne. Akaniambia, "Mwanangu, sisi hatujui desturi zenu. Tuonyesheni tu, tutachimba."

Wakachimba. Mzee yule akauliza, "Mtoto ataelekea wapi?" Tukamwonyesha upande wa Kibla, akachomeka kijiti ardhini ili vijana wasiukosee. Alipoelezwa habari ya mwanandani na namna inavyofunikwa, aliondoka bila ya neno, akaenda shambani kwake kukata miwati, akaichonga ikawa sawasawa. Wanawake wakaleta kuni, unga na viazi. Kuku nao waliletwa, lakini wakiwa hai, wamefungwa miguu, ili tuwachinje wenyewe. Hakuna aliyewafundisha adabu ile. Walifikiri tu ni nini kingemfaa jirani yao, wakatenda hivyo. Mwaka 2013, niliposikia kwamba huko Buseresere, Geita, watu wamegombana juu ya nani achinje nyama hata roho ya mtu ikapotea, niliwakumbuka kuku wale.

Aliyeniosha mtoto pamoja nami, na kuteremka kaburini kumpokea, alikuwa mtu mwingine: Mbena Mwislamu, rafiki yangu wa msikitini. Huyu ndiye habari yenyewe.

Bila shaka umepata kusikia jina la manamba. Mkonge uliingia nchini mwetu mwaka 1893, na miche 62 tu iliyosalimika ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na mji wetu wa Pangani. Mashamba yalipokua yalihitaji mikono mingi, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandika wafanyakazi, lililojulikana kama SILABU. Watu waliletwa kutoka mbali, na Wabena walikuwa wengi miongoni mwao. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba. Rafiki yangu alikuja Tanga kijana katika miaka ya 1950, akakata mkonge mchana, na usiku akasoma alif na bee kwa mwalimu mmoja kambini. Akasilimu. Mwaka 1962 akarudi kwao akiwa na juzuu na msala.

Jamaa zake hawakumfukuza, lakini walimwambia, "Wewe sasa umekuwa Mswahili." Kwa watu wa bara wa zamani, kusilimu na kuwa Mswahili lilikuwa jambo moja. Hata hivyo alisimama imara. Alisali peke yake kijijini miaka mingi kabla ya kuhamia Makambako.

Mwaka 1991 nilirejea Pangani. Mwaka 1996, jioni moja, washenga wawili walifika nyumbani kwangu. Mwana wa rafiki yangu anamposa binti yangu. Kijana mwenyewe nilimjua tangu utoto wake: anasali, hanywi, anafanya biashara ya mbao na viazi, mpole kwa wazazi wake. Binti yangu naye alikulia Makambako, na mke wangu alinidokeza kwamba hakuichukia habari ile.

Niliita ukoo. Dada yangu mkubwa akauliza neno moja tu: "Mtoto wa manamba?" Barazani pakawa kimya. Mwingine akasema hatujui ukoo wake. Mwingine akasema hawa ni watu wa bara, Uislamu wao wa juzi. Mimi niliyezikiwa mwanangu na mikono ile, nilifanya nini? Niliinamisha kichwa, kisha nikawaambia washenga, kwa maneno mazuri, kwamba kijana si kufu yetu. Hata binti mwenyewe sikumwuliza.

Baada ya majuma machache baba yake alikuja. Hakuja kugombana. Alikuja, alisema, ili urafiki usivunjike. Tulisali Alasiri pamoja, tukanywa kahawa, na alipotaka kuondoka akanishika mkono akasema: "Ndugu yangu, nikiwa kwetu naitwa Mswahili. Nikija kwenu naitwa mtu wa bara. Nieleze wewe uliyesoma, kwetu ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaenda zake.

Ndugu msomaji, nilijificha nyuma ya neno kufu, basi na tulitazame neno lenyewe. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata Pwani, wanazuoni wameitaja nasaba kuwa ni moja katika mambo ya kufu. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kwamba kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Kwa hiyo kitabu hakikunilazimisha kukataa. Nilikataa kwa nafsi yangu, kisha nikakisingizia kitabu.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipotakwa shauri na Bibi Fatima binti Qays, aliyekuwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, wote Makureshi wenzake, alimwelekeza kwa Usama, mwana wa Zayd bin Haritha aliyepata kuwa mtumwa akaachwa huru. Bibi Fatima hakupendezwa mwanzoni. Kisha alitii, akaolewa, na mwenyewe akasimulia kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa ile. Na tumepokea katika mafundisho yake kwamba akija mposaji ambaye dini yake na tabia yake zinaridhisha, aozwe, na kama sivyo itazuka fitina katika nchi. Angalia: dini na tabia. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mola wetu ametufahamisha kwamba mataifa na makabila aliyaweka ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele yake ni amchaye zaidi. Makabila yamewekwa yawe njia ya kujuana, nasi tumeyageuza kuwa boma la kujifungia.

Sasa turejee kwenye swali la barazani. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini yake, na ibara ya 13 inakataza watu kubaguliwa. Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliandika mapatano baina ya Waislamu na Mayahudi wa mji ule, kila watu na dini yao, na wote pamoja wawe na jukumu la kuulinda mji. Aliishi na watu wa dini nyingine kwa ahadi na haki, wala dini yake haikupungua. Basi anayetwambia kwamba Mwislamu hawezi kuwa mwananchi kamili mpaka aifiche dini yake, amekosea. Na anayetwambia kwamba Mwislamu hawezi kuwa Mwislamu kamili mpaka awachukie majirani zake, naye amekosea vile vile.

Tudai haki zetu, ndiyo. Tusomeshe watoto wetu, wavulana kwa wasichana, ili upungufu wa zamani uzibike. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Twalalamika kwamba tunafanywa wageni katika nchi yetu, na sisi wenyewe tunawafanya ndugu zetu wageni katika dini yao. Makambako niliishi miaka minane, wala hakuna aliyeniuliza ukoo wangu kabla ya kunisaidia. Walionipokea walikuwa watu wa dini nyingine. Niliyemkataa alikuwa mtu wa dini yangu, anayeelekea Kibla kile kile. Ninyi na mimi twaita huu ni umma mmoja. Basi umma huo uko wapi, ikiwa unakomea mlangoni posa inapofika?

Mwaka jana nilipata habari kwamba rafiki yangu amefariki. Nilipanda basi, mzee kama mimi, nikaenda Makambako. Mji umekua, majengo yamejaa, lakini upepo ni ule ule. Yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wake na wana, alinipokea kwa heshima kama mzazi wake. Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakanikwama. Akasema, "Twende kwanza makaburini, baba."

Tuliomba dua kwenye kaburi la baba yake. Kisha akanipeleka pembeni kidogo, nikakuta kaburi dogo limepaliliwa, limezungushiwa ua wa miwati mipya. Nilidhani nimepotea. Akaniambia: "Hili ni la marehemu mwanao. Baba alikuwa akilisafisha kila mwaka kabla ya Ramadhani, yeye na yule mzee jirani yako mpaka mzee naye alipofariki. Ametuachia sisi kazi hiyo."

Miaka yote ile, tangu kabla ya posa na baada ya posa. Wala hakupata kunitajia.

Nilimwomba radhi pale pale, naye akanisamehe. Binti yangu ameolewa kwingine, ana watoto, alhamdulillahi, wala hapana linaloweza kurudishwa nyuma. Lakini dada yangu yu hai, na ukoo wetu ungali mkubwa, na wajukuu wanakua. Nimewaita wote, nimewasimulia kama ninavyokusimulia wewe. Nimewausia kwamba posa ikija, waulize mambo mawili, dini na tabia, kisha wamwulize binti mwenyewe. La tatu wasiulize.

Na wewe ndugu msomaji, ikiwa mlangoni pako atafika mtu kutoka Njombe, Songea, Singida au Kigoma akakupa salamu ya Kiislamu, mwitikie kwa ukamilifu, kisha mkaribishe ndani. Huenda babaye ndiye aliyekusitiria maiti yako mahali ambapo hukuwa na ndugu. Naye akikuuliza kwao ni wapi, usikose jibu kama nilivyokosa mimi. Mwambie: "Kwenu ni hapa."

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosea, na atutie mapenzi baina yetu na majirani zetu. Amin.