Harrier ya haibridi na miaka yake Afrika Mashariki

Toyota Harrier ya haibridi ilianza kuuzwa Japani Machi 2005, pamoja na Kluger ya haibridi. Katika nchi nyingine Harrier hiyo ilijulikana kama Lexus RX 400h. Ilikuwa na injini ya petroli ya silinda 6, lita 3.3, ikisaidiwa na mota za umeme, moja ikiwa ya magurudumu ya nyuma. Chini ya kiti cha nyuma palikaa betri ya nikeli yenye moduli 30, kila moja na seli 8, jumla volti 288. Gari hili halikuchomekwa ukutani. Betri ilichajiwa na injini, na pia dereva alipokanyaga breki, mota ikigeuka jenereta. Kompyuta haikuiacha ijae kabisa wala iishe kabisa. Iliizungusha kati ya takriban asilimia 40 na 80, na ndiyo maana betri za aina hii nyingi zimepita miaka 10 zikiwa kazini.

Afrika Mashariki magari haya yalifika yakiwa yamekwisha kutumika, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na sheria ndiyo iliyopanga lini yafike. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo toleo la 2005 lilikuwa na muda mfupi wa kuingia. Tanzania haikufunga mlango, ila magari makuukuu hutozwa ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo mwenye gari wa kwanza wa huku alipokea betri iliyokwisha kula miaka kadhaa, bila kujua ilivyotunzwa na bila waranti ya kiwanda.

Miaka ile ya mwanzo haibridi ilikuwa na jina baya. Mnunuzi aliyeiulizia kwenye yadi aliambiwa na dalali: "Bosi, hiyo ni ya umeme. Betri ikifa hupati fundi." Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Gereji nyingi hazikuwa na mashine ya kusoma kompyuta ya haibridi, na taa ya pembetatu ilipowaka kwenye dashibodi, mwenye gari alibaki na njia mbili: kutafuta betri nzima iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, au kuliegesha gari hadi apatikane mteja wa spea. Betri hiyo ya pili nayo ilikuwa kuukuu, na mara nyingi haikukaa.

Mafundi walipoanza kupata mashine za kupimia, ilibainika kwamba betri nyingi zilizohukumiwa hazikuwa zimekufa. Tatizo la kwanza lilikuwa kuichanganya betri kubwa na ile ndogo ya volti 12. Betri ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za umeme mkubwa. Ikidhoofika, neno READY haliji kwenye dashibodi, taa za hitilafu huwaka kwa mkupuo, na gari haliendi hata kama betri kubwa ni nzima. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi, na bei yake haikaribii hata robo ya bei ya ile kubwa.

La pili lilikuwa joto. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo chini ya kiti cha nyuma, karibu na miguu ya abiria. Kiti kikiinuliwa katika gari ambalo halijawahi kufunguliwa, picha huwa ile ile: mapanga ya feni yamevaa utando mnene wa vumbi jekundu, nywele na nyuzi za kapeti, na tundu moja limezibwa na mfuko wa plastiki au begi. Feni huvuma kwa nguvu lakini hewa haipiti, na seli za katikati, ambazo ndizo zinazopata joto zaidi, huchoka kabla ya nyingine. Tangu hapo kusafisha feni kukawa sehemu ya sevisi. Matumizi ya kiyoyozi nayo yakatazamwa upya: dereva wa Mombasa anayekizima ili kubana mafuta huilazimisha betri ipozwe kwa hewa ya moto.

La tatu lilikuwa viunganishi. Moduli zimeunganishwa kwa vipande vya shaba, na katika hewa ya pwani vipande hivyo huota kutu ya kijani. Kutu huzuia umeme, kompyuta husoma volti zisizolingana, kisha huandika msimbo P0A80, unaodai betri ibadilishwe. Kabla ya kuitii, fundi mwenye uzoefu husafisha shaba na kupima moduli moja moja. Kwanza huchomoa plagi ya usalama, hungoja angalau dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita za inveta uishe, na huvaa glavu za kuzuia umeme. Nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi kwa majaribio. Volti 288 zinaua, na ndani ya inveta umeme huo hupandishwa hadi 650.

Moduli ikithibitika kuwa mbovu kweli, wengi walianza kwa kiraka: inatolewa moja, inawekwa nyingine. Kiraka hiki hudumu iwapo moduli mpya ina uwezo unaolingana na zilizobaki. Isipolingana, iliyo dhaifu hujaa na kuisha kabla ya wenzake, na baada ya miezi michache taa hurudi kwa sababu ya moduli nyingine. Ndiyo maana gereji makini hupanga moduli kwa uwezo baada ya kuzichaji na kuzimaliza chaji mara kadhaa, au humshauri mwenye gari anunue seti nzima mpya.

Kizazi kilichofuata kilibadilisha soko. Harrier ya haibridi yenye injini ya silinda 4, lita 2.5, ilitoka mwanzoni mwa 2014, na chini ya sheria ya miaka 8 zile za mwaka huo ziliendelea kuingia Kenya hadi 2021. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita Kenya mwaka 2023, gari la juu linalozima injini kwenye foleni lilikuwa na sababu ya kutafutwa. Sokoni lilikutana na haibridi za aina nyingine. Honda Vezel ya haibridi ya kizazi cha kwanza ilitumia giaboksi ya klachi mbili, na Nissan X-Trail ya haibridi, iliyotoka 2015, ina mota moja kati ya klachi mbili. Klachi huisha. Mfumo wa Toyota hauna klachi wala mkanda. Gia zake zimeshikana muda wote, na zinachodai ni oili safi ya aina iliyoelekezwa.

Sehemu nyingine za gari zina masharti yao. Inveta ina kulanti yake, mbali na ya injini, na pampu yake ya umeme ikifa gari hupunguza nguvu au kusimama. Kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na umeme mkubwa, hivyo oili yake lazima iwe ile isiyopitisha umeme. Fundi wa kiyoyozi akiongeza ya kawaida, umeme huvuja na kompyuta inaweza kukataa gari liwake. Pedi za breki hudumu kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini kwa uvivu huohuo pini za kalipa hushika kutu na kukwama, kwa hiyo zinahitaji kufunguliwa na kupakwa grisi hata pedi zikiwa bado nene.

Ununuzi nao umebadilika. Mnunuzi wa leo huja na fundi mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, huliendesha gari kidogo, na husoma tofauti ya volti kati ya moduli kabla ya kuzungumzia bei. Betri imekuwa spea yenye bei inayojulikana, inayopangiwa bajeti kama shokomzoba au matairi. Katika Harrier za 2005 zilizobaki barabarani, uamuzi wa kuendelea na gari au kuliuza hutegemea zaidi bodi, chini ya gari na injini ya lita 3.3 inayoendelea kunywa mafuta kwenye safari ndefu, kuliko betri iliyokuwa ikiogopwa.