Mikumi: Safari Hii Tulikata Kona

Umepita Mikumi mara ngapi, msomaji wangu? Sisi tulioolewa Iringa tumepita mpaka tumechoka. Unachungulia dirisha la basi, unaona twiga na swala pembeni ya lami, unasema "jamani, wazuri!", unarudi kwenye simu yako.

Septemba hii mimi na mume wangu tuliamua kuingia getini. Niseme ukweli, hatukuwa vizuri. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tunaongea ada, kodi ya nyumba na nani akamchukue mtoto shule, basi. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 280, na njia nzima sidhani kama tulifikisha maneno ishirini.

Tulilala mji mdogo wa Mikumi. Asubuhi na mapema tukawa ndani ya gari la wazi, tumejifunika khanga moja kwa baridi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, lakini raha yenyewe iko uwanda wa Mkata: nyasi mpaka macho yanachoka, milima kwa mbali.

Dereva wetu, baba wa makamo, alituomba tuweke simu chini. "Mnyama hakimbizwi, dada. Ukitulia, anakuja."

Tukatulia. Kwenye bwawa, viboko walitoa masikio na pua tu. Pundamilia wakapita. Halafu tembo: jike mkubwa mbele, watoto katikati. Dereva akazima gari. Yule jike akasimama, akatanua masikio, akatuangalia. Moyo ulinienda mbio! Nilipokuja kushtuka, mkono wangu uko mkononi mwa mume wangu.

Walipovuka, dereva akatuambia kundi huongozwa na jike mzee kwa sababu anakumbuka maji yalipo wakati wa kiangazi.

Mume wangu akanigeukia. "Mama, na sisi maji yetu yako wapi siku hizi?"

Sikuwa na jibu. Nililia kidogo, naye hakunikataza. Jioni tuliongea mpaka chai ikapoa, na si yote tuliyamaliza.

Ukitaka kwenda, Juni hadi Oktoba ndiyo wakati wake. Nyasi ni fupi na wanyama wanafuata maji. Treni ya umeme inakufikisha Morogoro, halafu unatafuta gari. Nenda na mwenzio, hasa kama siku hizi mnapishana tu sebuleni.