Nani Apige Risasi ya Kwanza?



Likizo iliyopita tulirudi Masumbwe mafrateri wanne wa parokia moja, na Baba Paroko, kama ilivyo desturi yake, hakutuacha tukae bure. Asubuhi tulifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, mchana tulisaidia nyumbani kupukuchua mahindi, jioni tulitembelea wagonjwa na wazee wasioweza tena kufika kigangoni. Mmoja wa wazee hao ndiye aliyetupa swali ambalo tulirudi nalo seminarini. Ametupa ruhusa tuliandike. Alisema: “Andikeni, wajukuu zangu, ila majina yaacheni.”

Tulimkuta kivulini chini ya mwembe, redio mapajani. Alipojua kwamba wawili wetu wameanza teolojia alituuliza tunasoma nini huko. Mwenzetu mmoja, kwa kutaka kumchangamsha, akamweleza mfano ambao kila aliyesoma maadili ameupitia: mwindaji yuko porini, anaona kichaka kinatikisika, hajui kama ni mnyama au ni mtu. Je, aruhusiwe kufyatua kwa sababu inaelekea zaidi kuwa ni mnyama? Jibu tulilofundishwa ni hapana. Pale uhai wa mtu unapohusika, kuelekea hakutoshi. Mpaka shaka iondoke, kidole kikae mbali.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Mnalipa ada kwa hilo? Sisi hilo alilijua mtoto wa kubeba maji.” Kisha akazima redio. Tukajua kwamba mazungumzo yameanza.

Aliwinda tangu ujana wake. Enzi hizo Masumbwe ilikuwa Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Habari za Mbogwe na Mkoa wa Geita zilikuja mwaka 2012, yeye akiwa mzee tayari. Vijana wa sasa pesa wanaifuata kwenye maduara ya dhahabu. Wa wakati wake walielekea Kigosi, wengine kurina asali, wengine kutafuta nyama. Kundi lake lilikuwa la watu saba, na silaha za moto zilikuwa tatu: raifo moja na magobole mawili. Habari ya leseni hatukuiuliza sana, naye hakuifafanua sana. Tusieleweke vibaya, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, haina mzaha, na anayeingia porini leo bila kibali atakutana na askari wa uhifadhi kabla hajakutana na mbogo.

Tulidhani kwamba anayepiga ni yule mwenye shabaha kuliko wote. Mzee akasema mtu wa hivyo mara nyingi ndiye aliyewekwa nyuma, awe wa pili. Wa kwanza alichaguliwa usiku, kwenye moto, kabla mtu hajaliona hata kwato. Mkuu wa msafara, ambaye kwa miaka mingi alikuwa yeye mwenyewe, aliwazungusha watu wote kwa maneno. Kila mmoja aseme: umelala vipi, umegombana na nani nyumbani, mwili unakuambiaje, kuna deni gani linalokusumbua. Aliyetoka kwake na hasira hapewi bunduki. Aliyekunywa hapewi. Anayeitaka sana nyama ya siku hiyo naye hapewi, kwa sababu mtu huyo ataona mbogo hata mahali palipo na kisiki. Mmoja wetu alinong'ona kwamba huku ni kutafiti dhamiri kabla ya kulala, na kweli hatukuona tofauti kubwa, isipokuwa kwamba wao walifanya kwa sauti na mbele ya wenzao. Ni kitu ambacho sisi bwenini hatujakithubutu.

Akishachaguliwa mpigaji, amekwisha kuchaguliwa. Asubuhi wakimkuta mnyama, hata kama mwingine yuko karibu zaidi na ameona bega lote liko wazi, hapigi. Gobole lina risasi moja, na mpaka ulijaze tena baruti mbogo ameshafika. Watu wawili wakifyatua kila mmoja kwa saa yake, wa tatu aliyezunguka upande wa pili ndiye anayeumia. Kwa hiyo mmoja anapiga, wa pili anangoja, wengine wanajua mti wa kupanda uko wapi. Wa pili anafyatua pale tu wa kwanza ameshafyatua na mnyama bado amesimama. Na mnyama akianguka ni wa yule aliyemtoa damu kwanza, hata kama aliyemmaliza ni mwingine.

Hapo ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Katika Usukuma na kwa majirani zake palikuwa na chama kizima cha wawindaji wa tembo, bayege, chenye dawa zake na nyimbo zake, na katika nchi za watemi wa huku kwetu jino moja la tembo lilikuwa la mtemi. Jina la aliyepiga lilikuwa na bei. Hata leo, huko Katavi na Rukwa walikohamia Wasukuma wengi na ng'ombe wao, mtu aliyeua simba hucheza ngoma nyumba kwa nyumba akitunzwa ng'ombe na fedha. Watafiti waliofanya kazi huko waliona kwamba desturi iliyokuwa ya kumshukuru mlinzi wa zizi imeanza kuwatuma watu kumfuata simba mahali ambako hakugusa zizi la mtu. Tulimweleza mzee hayo. Akatikisa kichwa. “Anayeitaka sana hapewi,” akarudia.

Kisha akatusimulia siku ambayo yeye mwenyewe alimpa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, wakati sungusungu ndiyo wanaanza kupiga filimbi huku kwetu. Katika kundi alikuwamo mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka kama ishirini aliyekuwa ameposa. Mahari ilikuwa imepungua. Nyama na ngozi ya mbogo mmoja visingeimaliza, lakini vingemtoa kijana aibu mbele ya wakwe. Usiku ule kwenye moto kila mtu alisema lake. Kijana alipofikiwa alisema tangu jana ana homa, kichwa kinamgonga. Alisema kwa sauti ya chini, na mjomba wake, aliyekaa ubavuni pake, ndiye peke yake aliyesikia. Wenzake walipouliza amesemaje, mjomba akajibu: “Anasema yuko tayari.”

Asubuhi walimkuta dume limejitenga na kundi, limesimama ubavu, hatua kama arobaini. Risasi ya kijana ilipita nyuma ya mahali pake, ikaingia tumboni. Wa pili akafyatua, akakosa. Mbogo akaingia kichakani.

Kila mwindaji anajua kinachofuata. Mbogo aliyejeruhiwa hakimbii tu. Huzunguka, akarudi akasimama kando ya nyayo zake mwenyewe, akawangoja wanaomfuata. Watu wenye akili hukaa chini kwanza. Lakini mzee wa kundi, msoma nyayo wao, mtu aliyemfundisha mkuu wa msafara kazi yote ile, alisema kijana ametia aibu na aibu hiyo lazima ifutwe haraka. Akatangulia. Hawakumfikisha hospitali.

Mzee aliposema hayo alinyamaza muda mrefu. Kuku walipita, mjukuu akaleta maji, akarudi ndani.

Kwa miaka zaidi ya arobaini Masumbwe nzima imejua kwamba msoma nyayo alikufa kwa mkono wa kijana asiyejua kulenga. Posa ilivunjika. Kijana aliacha bunduki, akaenda kuishi upande mwingine wa mji, akaoa baadaye sana. Na mjomba, ambaye ni mkristo wa siku zote, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo kwa vipindi vitatu, hakuwahi kumwambia mtu kwamba alisikia habari ya homa. Kwa padre aliungama, akaondolewa. “Lakini padre hakuwapo kwenye moto,” alisema. Kisha akatugeukia: “Ninyi mnaosoma. Kosa ni la aliyepiga, au la aliyempa?”

Tuliona aibu kwa jinsi tulivyojibu haraka. Mwenzetu wa mwaka wa tatu alitaja Katekisimu, namba 2269, kwamba mauaji yasiyokusudiwa hayahesabiwi kwa mtu, lakini hayamwachi mtu bila kosa zito akiwa ametenda bila sababu ya kutosha jambo lililoleta kifo. Mwingine akaongeza kanuni ya 1041, inayowazuia kupewa daraja walioua kwa kukusudia pamoja na wote walioshiriki kwa tendo. Mzee akasema hana mpango wa kuomba upadre. Tulicheka, naye akacheka, lakini swali lilibaki palepale kwenye mkeka. Hata ile kanuni ya 138 ya sheria ya mwaka 1917, iliyowakataza makleri kuwinda kwa makelele na mbwa, ambayo darasani ilituchekesha, jioni ile haikutufaa kitu.

Njiani kurudi tulibishana. Wawili walisema amekwisha kuondolewa dhambi, na kufukua kaburi la zamani ni kumjeruhi tena mjane na watoto wa marehemu. Wawili tulisema sifa njema ya yule mpwa imeibwa, na kilichoibwa hurudishwa; maondoleo hayarudishi mbuzi zizini. Hatukuafikiana. Ni vigumu kueleza jinsi tulivyojisikia wadogo, watu tunaojiandaa kuketi kwenye kiti cha maungamo.

Siku ya tatu mzee mwenyewe akatuma mtoto. Alitaka tumsindikize kwa mpwa wake. Kusema hakuhitaji msaada wetu. Miguu ndiyo ilikuwa mibovu, na huenda pia, alivyosema, akiwa na mafrateri wanne nyuma yake ataona haya kugeuza njiani. Tulimpandisha bodaboda, sisi tukafuata kwa miguu.

Mpwa ni mzee naye sasa, ana mvi kichwa kizima. Alitutolea viti, akamwamkia mjomba wake, akauliza habari za nyumbani zote mpaka za ng'ombe. Mjomba hakungoja chai. Alisema mbele yetu sote: “Usiku ule nilikusikia. Ulisema unaumwa, nami nikawaambia uko tayari.”

Mpwa aliangalia mikono yake. “Najua, mjomba. Nilikuwa nimekaa hapo hapo.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Bunduki niliipokea mimi. Na ile posa niliitaka.” Akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho hakuna mmoja wetu aliyekitarajia: kwamba kilichomuuma miaka yote si kuitwa asiyejua kulenga, ila kwamba mjomba wake hakurudi tena kumwomba waende porini pamoja.

Mzee alilia. Hatukujua tuangalie wapi. Mke wa mpwa akaleta chai na viazi vitamu, akauliza kuna msiba gani, akaambiwa hakuna.

Baada ya kikombe cha pili mjomba alisema Jumapili, baada ya Misa, atamwomba Baba Paroko nafasi ya kusema neno mbele ya watu, ila kwanza atakwenda kwa watoto wa marehemu. Mpwa alisema atakwenda naye. Kisha akasema hata hivyo homa haikuwa sababu; upepo uligeuka, dume likasogea hatua moja wakati anavuta. Mjomba akasema upepo haukugeuka, asubuhi nzima ulitoka mashariki. Mpwa akasema ulitoka kusini, moshi wa moto wao alikuwa anauona. Tuliondoka jua linazama, tukiwaacha wanachora mstari mavumbini kwa kijiti, huyu anaonyesha aliposimama yeye, huyu anaonyesha liliposimama dume.