Zimwi la Kanga

Theluji ikianguka hapa Hessen, watu husema Frau Holle anatandika kitanda. Ni bibi wa kwenye ngano anayeishi chini ya kisima. Akikung'uta mito, manyoya yanapeperuka, na huku juu duniani kunakuwa kweupe. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walimtia kitabuni mwaka 1812 wakiwa wakazi wa Kassel, mji ninaoishi leo. Mlima Meissner, ambao wenyeji husema ndiko kwake, uko mashariki mwa mji, na una kidimbwi chenye jina lake. Mimi nilipoisikia hadithi hii niliona msufi wa kwetu Tanga wakati wa kiangazi, vitumba vikipasuka na sufi ikiruka juu ya mabati.

Majira ya baridi yakiingia, Frau Holle wa kitambaa huketi madirishani. Kumshona kunataka mikono yenye subira. Unaviringisha sufu ya kondoo mpaka iwe donge gumu, maana kichwa kikilegea mwili wote hauna heshima. Unalivisha kitambaa cha pamba kinachovutika, unakaza uzi shingoni, kisha uzi wa pili unapita katikati ya uso ili pawe na bonde dogo la macho. Macho yenyewe ni nukta mbili. Mdomo haucheki wala haununi. Ushonaji huu umeenezwa na shule zinazofuata mawazo ya Rudolf Steiner, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919. Wenye shule hizo wanaamini uso wa mwanasesere usimalizwe, kwani mtoto ndiye anayeumalizia: akiwa na huzuni, mwanasesere naye analia pamoja naye.

Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, na hajapata kusikia habari za Steiner. Nilipomwonyesha Frau Holle kwenye simu, aliuliza swali moja tu: "Huyo ana macho, mwanangu?" Hapendi sanamu yenye sura kamili katika chumba anachosalia. Nikamsogezea zile nukta mbili, akaridhika, kisha mwenyewe akamkumbuka Bibi Aisha, mke wa Mtume. Katika wanasesere wake alikuwemo farasi mwenye mabawa mawili ya viraka vya kitambaa. Mtume alipoulizia hayo mabawa, Bibi Aisha akamjibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa, na Mtume akacheka hata magego yakaonekana. Mama huisimulia habari hiyo kwa furaha ile ile kila mara. Nami naishika kwa sababu yangu: katika nyumba moja ya Madina, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, msichana alikuwa na kiumbe wa masimulizi aliyetengenezwa kwa vitambaa, na mtu mzima akaketi kumsikiliza akimweleza.

Sisi utotoni hatukuwa na Zimwi la kuchezea. Tulikuwa na gunzi la muhindi lililofungwa kipande cha kanga, ndevu zake zikiwa nywele, au nyasi tuliyoing'oa na mizizi yake, tukaiosha mizizi na kuisuka. Hao walikuwa watoto wetu, tuliwabeba mgongoni. Zimwi lilikuwa la usiku. Mama alitusimulia lile lililomkamata binti aliyerudi peke yake ufukweni kufuata kombe lake alilolisahau juu ya mwamba. Likamtia ndani ya ngoma, likawa linapita vijijini likipiga, binti anaimba humo ndani, watu wanalitunza wakidhani ngoma ndiyo iimbayo. Kijijini kwao mama mtu akaitambua sauti. Wakalikaribisha Zimwi likala likalala, wakamtoa binti, wakatia nyuki na nyoka.

Binti yangu Salma amezaliwa hapa. Zimwi amelisikia simuni, vipande vipande kwa sababu ya mtandao, na siku moja akaniuliza lina rangi gani. Hakuna mtoto wa Ngamiani niliyepata kumsikia akiuliza hivyo. Kila mmoja alikuwa na la kwake gizani. Lakini Frau Holle Salma amemshika, amemlaza kitandani, amemfulia nguo. Ilinichoma kuona kwamba bibi wa kisimani ana mwili nyumbani kwetu na Zimwi halina. Tukalishona. Kanga tulizotumia ni za mama, zilizofuliwa mpaka zikalainika, na ngoma inafunguka kwa kifungo. Ndani mna binti mdogo wa kutoa na kurudisha. Zimwi halina macho kabisa. Hilo nililiamua kwa ajili ya mama, baadaye nikaona ndivyo linavyotisha zaidi.

Kuna kilichopotea, na ninakihesabu. Zimwi la utoto wangu halikuwa na kipimo. Hili linaenea kwapani. Ningekuwa Tanga nisingelishona. Uani jioni, watoto wamekaa mkekani, sauti inatosha. Hapa haitoshi, kwa kuwa Kiswahili chetu kinaishia mlangoni, na kitu cha kushikwa kinakipa mahali pa kukaa.

Ninachokikataa ni kabati la kioo. Mafundi wa hapa huuza mwanasesere mmoja kwa zaidi ya euro 100, nao wanastahili, maana kazi ni ya siku kadhaa na sufu njema haipatikani kwa bei rahisi. Natamani mafundi cherehani wa Tanga, wanaotupa mabaki ya vitenge kila jioni, wangelipwa hivyo. Lakini wanunuzi wengi humweka mwanasesere juu, asiguswe. Naiwaza mwana hiti ya Wazaramo na Wakwere, ile ya mti, ambayo mwali alipewa awapo ndani ili aioshe, aipake mafuta na kuibeba kama mtoto. Zilizochukuliwa enzi za utawala wa Wajerumani zimo katika hifadhi za makumbusho ya nchi hii. Hakuna anayezipaka mafuta. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kulieleza kwa majirani zangu.

Hata hadithi hufungiwa. Dorothea Viehmann, mama aliyekuwa akiuza mazao ya shamba mjini Kassel, aliwasimulia ndugu Grimm ngano nyingi kabla hajafa mwaka 1815. Nashukuru waliandika. Ila maneno yake sasa hayasogei, na jirani akimsomea mwanawe hufuata mstari. Mama yangu hafuati mstari wowote. Zimwi lake hupita Pongwe, likapita Muheza, na akijua mgeni ametoka Korogwe, Zimwi litafika Korogwe usiku huo huo. Ndiyo maana sioni vibaya Salma akiichakaza ngoma. Kifungo kimeshang'oka, mshono umefumuka ubavuni, nasi tunatia kiraka cha kanga nyingine.

Kilichobaki ni wimbo. Mama amejaribu kuufundisha simuni na haiwezekani. Anasema Paukwa, Pakawa yetu inamfikia akiwa ameshaanza kusimulia, na wimbo wa ngomani unaotaka waitikiaji unavunjika katikati. Kwa hiyo shule zikifungwa tutakwenda Tanga, na tiketi nimeanza kuziulizia. Zimwi tunakwenda nalo. Mama ametuagiza pia tumletee Frau Holle mmoja, asiye na macho, awasimulie watoto wa jirani theluji inatoka wapi. Kisima chake, ameshasema, atakihamishia kwenye mapango ya Amboni.