Baraza Kabla ya Kiti

Shule zikifungwa, babu yangu mzaa baba alikuwa akinitoa Arua na kunipeleka Koboko niwe karani wa baraza la wazee. Ilikuwa muda si mrefu baada ya Katiba ya Uganda ya 1995. Babu alinichagua mimi kwa kuwa hati yangu ilisomeka na Kiswahili nilikiandika vizuri. Wazee wale walizungumza Kikakwa, Kilugbara na Kinubi, na lugha iliyowakutanisha wote ilikuwa Kiswahili cha kambini, walichokipata katika King's African Rifles na baadaye katika jeshi la Uganda huru.

Barabara ilikuwa ya vumbi kupitia Maracha, na watu hawakusafiri ovyo kwa sababu ya waasi wa West Nile Bank Front. Tulipanda nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya mihogo mikavu na mafungu ya tumbaku, tukafika nyusi nyekundu. Baraza lilikaa chini ya mwembe mpana. Lilifunguliwa kwa Fatiha, kisha kwa Baba Yetu, maana katika ukoo mmoja mlikuwa na Waislamu na Wakatoliki, na hakuna aliyeona ajabu. Adhuhuri shughuli ilisimama watu wasali, chai ikaletwa, tukaendelea hadi jua lilipoinama.

Jambo lililowakutanisha lilikuwa ibara ya 246. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na nakala ya Katiba iliyokunjika pembe, akawa anasoma na kuwafasiria wenzake mstari kwa mstari. Falme zilizofutwa na katiba ya 1967 zilikuwa zimerudishwa 1993, na Kabaka mpya, mfalme wa Buganda, alikuwa amekwisha kutawazwa. Sasa Katiba mpya iliruhusu kiongozi wa jadi mahali popote nchini, kwa kufuata mila za watu au matakwa yao. Watu wa kwetu mila ya mfalme hawakuwa nayo, ila matakwa walikuwa nayo kama watu wengine. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na mimi nikaanza kuandika.

Wakakwa na Walugbara hawakuwahi kuwa na kiti kimoja kilichowatawala wote. Walikuwa na wazee wa koo na waleta mvua. Neno la mleta mvua lilisikilizwa kwa uzito, watu waliopigana wangeweza kutua silaha mbele yake, lakini hakutoza kodi wala hakuwa na askari. Waalur, jirani zetu wa kusini, walikuwa na watawala wao tangu zamani, tena Walendu na Waokebo waliishi chini yao. Sisi tuliishi kwa kukaa kitako na kusema hadi maneno yaishe.

Mfalme wa kwanza kutumiliki alikuwa Mbelgiji. Kwa mkataba wa 1894, Uingereza ilimkodishia Leopold II eneo la Lado kwa muda wa uhai wake, na ardhi yetu ya Arua na Koboko ikawa ndani yake. Huyo alikuwa amejifanya mwenye Kongo nzima tangu 1885, na katika dola yake hiyo ya Kongo raia hawakuwa na bunge wala baraza la kupeleka lalamiko. Kongo yenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Alikufa Desemba 1909, mwaka uliofuata tukatiwa Sudan, na 1914 tukatiwa Uganda. Mzee mmoja kipofu, ambaye baba yake aliwabebea Wabelgiji mizigo, alisimama akasema: "Ndugu zangu, mnaulizana kama tupate mfalme. Tulikwisha kuwa naye. Hatukumwona, na hapakuwa na mahali pa kumwuliza kitu." Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, na mwalimu akaniambia niyapigie mstari.

Baada ya Wabelgiji wakaja Waingereza, wakaweka masultani, na chini yao wakubwa wadogo hadi nyapara wa kijiji. Sultani alikuwa na karani na askari, alihesabu vibanda na kukusanya kodi, na aliyeweza kumwondoa alikuwa mkuu wa wilaya aliyeketi Arua. Wazee wengine waliwakumbuka baadhi yao kwa heshima, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo wote walikubaliana kwamba sultani aliangalia juu anakoteuliwa kuliko chini anakotoka.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile babu aliposema habari za Mengo. Nyumbani hakuwahi kuzitaja. Alikuwa mtu wa Koboko, na mwaka 1966 alikuwa askari. Tarehe 20 Mei mwaka ule Lukiiko, baraza la Buganda, lilipitisha azimio la kuitaka serikali ya Obote iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku nne baadaye jeshi likashambulia kasri la Kabaka Mutesa huko Mengo, likiongozwa na Kanali Idi Amin, Mkakwa mwenzetu. Mutesa aliruka ukuta akatoroka, akafia London 1969. Bulange, jumba la Lukiiko, likaja kuwa makao ya wizara ya ulinzi.

"Mimi nilikuwa ndani ya lori," babu alisema, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mvua ilinyesha kubwa, na moshi ulikuwa mwingi. Watu niliowaona wamelala barabarani hawakuwa wajumbe wa Lukiiko. Wajumbe walipiga kura ukumbini. Waliokufa walikuwa nje, na sidhani kama kuna mtu aliyekwenda kwao kwanza kuwauliza." Akanyamaza kidogo, kisha akatoa hoja yake: baraza letu, kama litakuwepo, lisiamue neno lolote kubwa siku ileile lilipoletwa. Kila mjumbe alichukue, alirudishe kwa watu wake, alilaze huko, kisha aje nalo.

Hoja hiyo ilipita bila mtu kuipinga. Nimekaa katika mikutano mingi tangu siku ile, ya ofisi, ya vyama na ya kanisa, na sijaona kanuni nyingine iliyotoka katika maumivu ya kweli namna ile.

Yaliyofuata yalikuwa magumu zaidi. Viti vigawanywe vipi? Koo kubwa zilitaka idadi ya watu, koo ndogo zikataka kila ukoo kiti kimoja. Na Wakakwa wa ng'ambo je? Sisi ni watu wa nchi tatu: wengine wako Kongo, wengine Sudan Kusini ya leo, na miaka ile Koboko ilijaa ndugu waliokimbia vita upande wa Yei. Walikaa nasi chini ya mwembe, wakala nasi, lakini Katiba iliyosomwa haikuwa yao. Baraza likaamua waseme kama wengine, na kura zisipigwe palipo na njia ya kukubaliana. Wanawake walikuwa wameketi pembeni, kwenye mikeka. Mjane mmoja alisimama bila kuitwa, akauliza kama wanaolima mashamba ya ukoo ni watu wa ukoo au wageni. Palikuwa na minong'ono, kisha akaombwa asogee karibu, na kuanzia hapo jina lake lilikuwa katika orodha yangu ya wajumbe.

Ni huyohuyo aliyemaliza suala la matunzo. Mwalimu alikuwa amesoma kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kumtii kiongozi wa jadi wala kumchangia, na kwamba kiongozi huyo haruhusiwi siasa za vyama wala madaraka ya serikali. Wazee wakauliza, basi huyo mkubwa atakula nini? Mama yule akajibu: "Atalima."

Mwalimu alitueleza pia habari za Rwenzururu. Machi 1962, wajumbe Wabakonzo na Wabamba walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, kwa kuona hawasikilizwi. Miongoni mwao alikuwa Isaya Mukirania, na tarehe 30 Juni mwaka huo watu wake walijitangazia dola yao milimani, wakaiwekea mawaziri, mahakama na kodi. Mapambano yale yalidumu hadi mwanawe, Charles Mumbere, alipokubaliana na serikali 1982. Baadaye, ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa rasmi 2009. Novemba 2016 majeshi ya serikali yalivamia kasri la Kasese, na zaidi ya watu 100 wakafa katika siku mbili. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Nilisoma habari zile nikiwa Arua, na maneno yake ya Mengo yakanirudia yote.

Baraza la mwembe halikumtawaza mtu. Lilipunguza mikutano, wazee wakaondoka mmoja mmoja, na 2005 Koboko ikawa wilaya yake yenyewe, na watu wakawa na mambo mengine ya kugombea. Daftari mbili nilizoandika ninazo. Siku hizi West Nile ina viti vya jadi vyenye majina: Rwoth Obimo wa Alur alitawazwa 2010, Walugbara wana Agofe katika taasisi ya Lugbara Kari, na Wakakwa nao wana mkuu wao. Naviheshimu viti hivyo, na nafurahi kwamba watoto wetu wana mahali pa kuuliza asili yao.

Ninalo ombi moja kwa wazee wa Arua na Koboko wanaoandika na kurekebisha kanuni za viti hivyo. Andikeni sura ya baraza kabla ya sura ya mkuu. Kila ukoo uwe na kiti, wanawake wasikae pembeni, kumbukumbu za vikao zisomwe hadharani kwa lugha ambazo watu wanazijua, na fedha zote zipite machoni pa wajumbe. Na neno kubwa lisiamuliwe siku lilipoletwa.